Takataka za Kambi Zirudi Nairobi

Ukifuata kurasa za safari hapa Kenya unayajua yale mabango ya Ijumaa. Picha ya hema la rangi ya machungwa, nyuma yake ziwa au mlima, halafu maandishi: usafiri upo, hema lipo, nyama choma ipo, didjei yupo. Mimi hayo mabango nayapenda, sitadanganya. Yametoa vijana wengi kwenye bedsita za Roysambu na Rongai, yakawaonyesha kwamba Aberdare si ya wazungu wenye darubini peke yao. Lakini kuna kitu hakiandikwagi kwenye bango: watu watakuwa wangapi, na takataka zao zitaenda wapi.

Najua wengine washaanza kusonya. "Sasa huyu naye ameanza mambo ya mazingira." Tulieni. Siwaambii mkae nyumbani, na siwauzii kijiko cha mwanzi. Nasema tu kwamba kupiga kambi kumekuwa biashara kubwa ya vijana, na kama sisi tunaoisukuma hatutaongea ukweli kuihusu, mahali tunapopapenda patakwisha tukiwa bado tunalipa mkopo wa kamera.

Tuanze na pipa.

Desemba iliyopita nilikuwa kwenye kambi moja upande wa Naivasha. Kundi kubwa lilikuwa limelala jirani yetu, basi zima, na asubuhi walipokuwa wanaondoka walifanya kitu ambacho wengi wangekiita ustaarabu. Walikusanya kila kitu, wakafunga magunia mawili, wakayaweka kando ya pipa maana pipa lenyewe lilikuwa limejaa tangu jana. Wakapiga picha ya pamoja, wakaenda. Basi halijafika hata barabara ya lami, nyani wakashuka. Walifungua yale magunia kama watu wanaofungua zawadi. Kufikia saa nne kulikuwa na nepi kwenye mti wa mgunga na pakiti za krisps zikielekea ziwani na upepo. Aliyeokota ni mama anayefagia pale, peke yake, na ule si mshahara wa kuokota nepi za watu sitini.

Pipa la kambini halina uchawi. Nairobi tumezoea kwamba ukitupa kitu kwenye pipa kinapotea, kuna lori litapita, kuna mtu anaitwa "watu wa takataka". Huko hakuna lori. Katika kambi nyingi nilizofika, ukizunguka nyuma ya choo utakuta shimo, na ndani ya shimo majivu meusi na chupa zilizoyeyuka nusu. Hapo ndipo usafi wako unapoishia. Kwa hivyo kanuni yangu ni moja tu, na nikisafiri na watu nawaambia kabla hawajalipa: ulichokuja nacho utarudi nacho hadi mtaani kwako. Gunia moja linafungwa juu ya gari, linashushwa Nairobi. Linanuka? Ndiyo. Ukijua utarudi na hilo gunia kwa gari, utafikiria mara mbili kabla ya kununua soda ishirini.

Na sheria iko upande huu, si eti ni mambo ya hiari. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake inafika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka minne. Halafu tarehe 5 Juni 2020 ikaja ile marufuku nyingine ambayo watu wa kambi wanajifanya hawakuisikia: plastiki za kutumia mara moja, kama chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko na mirija, haziruhusiwi kwenye mbuga za kitaifa, misitu, fuo za bahari na maeneo mengine ya hifadhi. Bado watu wanafika getini na katoni tatu za maji halafu wanashangaa askari akiwauliza. Si ubaya wake. Nunua mtungi wa lita 20, ujaze nyumbani, kila mtu abebe chupa yake ya chuma. Kwa safari mbili huo mtungi umejilipa.

Kazi kubwa ya takataka hufanyika jikoni kwako Alhamisi usiku. Toa kila kitu kwenye pakiti zake kabla ya kuondoka. Chemsha maharagwe na mahindi nyumbani, tia kwenye mkebe. Chapati zifunge kwa leso kama shosho zetu walivyofanya wakisafiri na basi la usiku, zinakaa laini kuliko kwenye foili. Mayai chemsha, viazi vitamu chemsha, nyanya na vitunguu vibebe vikiwa vizima. Nimewahi kulisha watu kumi siku mbili, na takataka zote zikatoshea mfuko wa unga. Maganda nayo yanarudi. Kuna imani kwamba ganda la chungwa au la yai ni "asili" kwa hivyo linaweza kurushwa popote. Kule juu kwenye baridi ganda linakaa miezi bila kuoza vizuri, na kule chini linamfundisha nyani na ngiri kwamba hema ni kioski. Nyani akishazoea chakula cha watu anakuwa jambazi, na mwisho wake ni kufukuzwa, au kupigwa risasi. Wewe unayemrushia mkate upate video, hiyo ndiyo hadithi unayoianzisha.

Sasa tuongee habari ambayo hakuna mtu huiposti: haja kubwa.

Kama kuna choo, tumia choo, hata kama kina buibui. Kama hakuna, tembea angalau mita 60 kutoka kwa mto, ziwa, njia na mahema. Hizo ni kama hatua sabini za mtu mzima. Chimba shimo la shibiri moja hivi, sentimita 15 hadi 20, kwa sababu udongo wa hapo juu ndio wenye wadudu na bakteria wa kuozesha. Ukichimba chini zaidi hakuozi haraka, ukiacha juujuu mvua inabeba. Funika vizuri. Karatasi ya choo ni bora irudi nawe kwenye kamfuko kake. Na waipsi, vile vitambaa vya maji vya kupangusia, tafadhali. Vingi vimetengenezwa kwa nyuzi za plastiki. Ukivizika leo, mvua ya masika itavifukua, na atakayefuata atakuta bendera nyeupe kila kichaka. Juu kabisa mlimani, ambako udongo ni mchache na usiku maji yanaganda, hata shimo halisaidii sana. Huko panga safari yako kulingana na vyoo vilivyopo.

Mtu ataniuliza, mavi ya mtu mmoja yana shida gani kwenye msitu wa ndovu? Mtu mmoja hayana. Lakini hatuendi mmoja. Kambi ile ile inapokea watu arobaini kila wikendi, kando ya kijito kile kile, kwa sababu sisi ndio tulioiposti. Na kile kijito kinaenda mahali. Maji mengi ya bomba za Nairobi yanatoka bwawa la Ndakaini, na Ndakaini inajazwa na mito inayoteremka kutoka Aberdare. Tana, ambayo inazungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, inapata maji yake kutoka Aberdare na Mlima Kenya. Kwa hivyo ukisimama kwenye kijito cha Aberdare ukipiga mswaki na kutemea povu ndani, unajitemea mwenyewe, inachelewa tu kufika.

Sabuni nayo isikudanganye kwa sababu imeandikwa kwamba ni ya asili. Hata hiyo inahitaji udongo ndiyo ivunjike. Haifai kuingizwa mtoni moja kwa moja. Teka maji, sogea mbali, osha, mwaga kwenye nyasi kwa kusambaza. Na sufuria yenye masizi haihitaji sabuni hata kidogo. Mchanga na majivu kidogo, sugua. Hii sikuisoma popote, ni mambo ya kijijini ambayo tuliyaacha tulipoanza kununua sponji.

Moto ndio utanigombanisha na watu, lakini wacha niseme.

Najua kambi bila moto kwa Mkenya ni kama harusi bila pilau. Moto ndio picha, ndio hadithi za mizimu, ndio gitaa. Lakini angalia hizo kuni zimetoka wapi. Ukifika kambi yenye umri wa miaka mitano ya umaarufu, utaona ardhi imefagiliwa: hakuna tawi kavu chini, na miti imekatwa matawi hadi pale mkono wa mtu mrefu unapofika. Lile tawi lililoanguka lilikuwa nyumba ya wadudu, na likioza ndilo mbolea ya mti unaofuata. Kule Mlima Kenya ni mbaya zaidi. Ile mimea mikubwa ya ajabu unayoiona juu ya mstari wa misitu, senesio zenye shina kama mnazi na vichwa vya majani, inakua polepole mno. Majani yake makavu yanayoning'inia kwenye shina si uchafu, ni blanketi. Yanakinga shina lisigande usiku. Mtu akiyang'oa kuwashia moto wa kupiga picha, amevua mti nguo kwenye barafu.

Halafu kuna moto kutoroka. Miezi ya Januari hadi Machi ndiyo watu wengi hupanda mlima kwa sababu mbingu ni safi, na ndiyo hiyo hiyo nyasi zinakuwa kavu kama karatasi. Machi 2012 moto uliteketeza maelfu ya ekari kwenye Mlima Kenya. Februari 2022 ikawa Aberdare. Sisemi ni watu wa kambi waliowasha, mioto ya huko huanza kwa njia nyingi, kuanzia warina asali hadi wanaochoma makaa. Nasema tu kwamba ukiwa kwenye zile nyasi mwezi wa pili, usiwe mmoja wa wanaoshukiwa.

Mimi kupika napika kwa gesi. Meko ya kilo 6 inatosha kikundi cha watu kumi wikendi nzima na inabaki. Makaa siyapigii debe hata kidogo. Kwenye tanuru la udongo la kawaida unahitaji kilo tano hadi kumi za kuni kupata kilo moja ya makaa, na ukipita barabara ya kwenda Narok unajionea magunia yamepangwa na leleshwa imepungua. Hiyo nyama choma yako ya kambini inaanzia hapo. Kama lazima kuwe na moto, basi uwe pale pale palipokuwa na moto wa zamani, mdogo kiasi kwamba watu wanasogeleana, kwa kuni zilizonunuliwa kwa mwenye kambi. Na usizimwe kwa kumwagiwa mchanga. Mchanga unalifunika kaa, kaa linaendelea kuishi chini yake kama mtu aliyejifunika blanketi, hadi upepo wa saa nane mchana. Mwaga maji, koroga, mwaga tena, halafu weka nyuma ya kiganja karibu na majivu. Kama kuna joto bado hujamaliza.

Sasa hesabu ambayo wanaharakati wa kijiko cha mwanzi hawaipendi.

Lita moja ya petroli ikichomwa inatoa takriban kilo 2.3 za hewa ya kaboni. Nairobi hadi Naivasha ni kama kilomita 90. Kwenda, kurudi na kuzungukazunguka weka 200. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 20, hiyo ni kilo 46 za kaboni. Mkiwa wawili ndani, kila mmoja kilo 23. Matatu ya watu kumi na wanne, hata ikinywa lita 25, kila mtu anabeba kama kilo nne. Zile chupa, ile meko, yale maganda, vyote vikijumlishwa kwa upande wa kaboni havifiki tofauti ya hapo. Kwa hivyo nikiona msafara wa Prado sita, mtu mmoja mmoja ndani, wamefika "kuungana na asili" na mirija ya karatasi, nacheka tu. Jazeni gari. Kodisheni matatu. Kwenda Hell's Gate unaweza kushuka Naivasha, ukachukua gari la kupitia barabara ya kusini mwa ziwa, ukakodisha baiskeli hapo karibu na geti, maana ni kati ya mbuga chache ambazo unaruhusiwa kuingia kwa baiskeli na kwa miguu. Utaona pundamilia wengi kuliko mtu aliye kwenye gari lenye vioo vimefungwa.

Na msidanganywe kununua vifaa vipya kila msimu. Hema hukodishwa. Koti zito na mfuko wa kulalia viko Gikomba na Toi ukiamka mapema. Sufuria ni ile ya nyumbani. Kifaa kisichotengenezwa upya ndicho rafiki wa mazingira, na hiyo ni habari njema kwa sisi wa mfuko mwembamba.

Kidogo tu kuhusu njia na kelele. Ukikuta matope kwenye njia ya mlima, pita katikati ya matope. Kila mtu akikwepa pembeni, njia ya futi moja inakuwa ya futi kumi, na ile mimea ya pembeni haiji kurudi hivi karibuni. Weka hema palipokanyagwa tayari. Spika ibaki nyumbani. Komba na fisi walikuwa na programu yao ya usiku kabla ya amapiano, na jirani yako wa hema la pili amelipa pesa ile ile kuisikiliza.

Sasa sisi tunaoposti.

Najua jinsi inavyokwenda. Mtu anapata mahali pazuri, kijito, jiwe tambarare, hakuna mtu. Anarusha droni, anaweka muziki, anaandika "paradiso ya siri saa mbili kutoka Nairobi", na chini yake anabandika lokesheni kamili. Wiki ya tatu kuna basi. Mwezi wa tatu hakuna nyasi. Mwenye shamba aliyekuwa anakaribisha watu kwa chai anaweka waya na mbwa. Yule aliyeposti ashahamia paradiso nyingine.

Kuna hoja ya upande wa pili na ina uzito. Wengine wanasema kuficha mahali ni ubinafsi, kwamba wenye magari makubwa na marafiki wenye mashamba watajua daima, na sisi wa matatu tutabaki na Uhuru Park. Pia wenyeji wanahitaji wageni, wanauza mayai, wanaongoza njia, wanakodisha punda. Nakubali yote. Kwa hivyo mimi sifichi, nachagua. Mahali penye geti, choo, mlinzi na mtu wa kulipwa, nitapataja jina, bei na namna ya kufika kwa matatu. Mahali ambapo hakuna chochote ila uzuri, nitakuonyesha uzuri, na ukitaka kwenda nitakuelekeza kwa kikundi cha wenyeji kinachosimamia eneo hilo, wakuhesabu na wakuambie kama wamejaa. Nukta ya ramani haiwezi kukuambia "tumejaa." Binadamu anaweza.

Nimewaandikia waandaaji wa safari wanne ninaofahamiana nao, nikawaomba mabango yao yajayo yaongeze mistari miwili: idadi ya juu ya watu, na takataka zinaposhushwa tukirudi. Wawili wamekubali. Mmoja ameniambia watu hawasomi hayo, wanaangalia bei na kama kuna pombe. Wa nne ameona ujumbe, alama mbili za bluu, kimya. Ukiona bango lolote lenye hiyo mistari miwili, nitumie, liwe la kampuni kubwa au la kikundi cha kanisa. Nitaliposti bure.